Gofu ya Visahani Kando ya Nalubaale: Tathmini ya Uwanja wa Vituo Tisa, Entebbe

Utangulizi

Ukurasa huu wa uhakiki umezoea kupokea riwaya, tamthilia na diwani. Katika toleo hili tunakusudia kuhakiki kitu kisicho na jalada wala kurasa, nacho ni uwanja wa mchezo. Tumeona ni halali kufanya hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, uwanja, kama ilivyo tamthilia, hupangwa na mtu mwenye nia fulani, na unaweza kupimwa kwa kuangalia iwapo nia hiyo imetimia. Pili, wanafunzi wetu wa mwaka wa pili wameleta ombi idarani. Wanataka chama cha Kiswahili kianzishe gofu ya visahani, na kwamba idara iwasaidie kuomba uwanja wa kudumu kando ya ziwa huko Entebbe. Ombi lao linahitaji jibu, na jibu lisilotanguliwa na uhakiki huwa ni maoni tu.

Kwa hiyo, Jumamosi moja tulishuka kutoka kilima cha Kyambogo pamoja na wanafunzi 14, tukapanda teksi hadi mjini na nyingine hadi Entebbe, mwendo wa takriban kilomita 40 kutoka katikati ya Kampala. Wanafunzi walikuwa wamekwisha kupanga vituo tisa katika Bustani ya Mimea, kwa ruhusa waliyoiomba mapema. Tulicheza mizunguko miwili, mmoja asubuhi na mwingine alasiri. Tathmini inayofuata imetokana na mizunguko hiyo.

Mchezo wenyewe

Kwa msomaji ambaye hajauona mchezo huu, maelezo machache yanatosha. Gofu ya visahani hufuata taratibu za gofu ya kawaida, isipokuwa mpira na fimbo havimo. Mchezaji hutupa kisahani cha plastiki kutoka kwenye kianzio hadi kwenye shabaha. Kisahani kinapotua, hapo ndipo anapotupia tena, hadi kiingie au kigonge shabaha. Anayemaliza uwanja kwa mitupo michache ndiye mshindi.

Mwasisi anayetajwa zaidi ni Mmarekani Ed Headrick, aliyewahi kuifanyia kazi kampuni ya Wham-O iliyokuwa ikitengeneza visahani vya kuchezea. Mwaka 1975 uwanja wa kwanza wa kudumu ulifunguliwa katika bustani ya Oak Grove, California. Shabaha zake za mwanzo zilikuwa nguzo tu zilizosimikwa ardhini. Kikapu chenye minyororo ya kukinasa kisahani, ambacho leo ndicho alama ya mchezo huu duniani, kilifuata baadaye. Watu walikuwa wamekwisha kucheza kabla ya hapo, wakilenga miti, nguzo za taa na mapipa ya taka. Ni vyema tukumbuke jambo hilo, kwa kuwa linaonyesha kwamba mchezo huu ulizaliwa katika bustani za watu wote, ukitumia vilivyokuwepo. Hadi leo, Marekani na Ufini, ambako viwanja vyake ni vingi mno, sehemu kubwa ya viwanja hivyo vimo katika bustani za umma na mtu hucheza bila kulipa chochote.

Wanafunzi wetu walifuata mkondo huo huo. Kati ya vituo tisa, saba vilikuwa na mti kwa shabaha, kila mti ukiwa umefungwa utepe wa kitenge chekundu. Viwili vilikuwa na vikapu halisi, vilivyotengenezwa na fundi wa Katwe kwa rimu za baiskeli, vipande vya bomba na minyororo. Vikapu hivyo husimama vyenyewe bila kuchimbiwa. Kondakta wa teksi alivitazama, akavihesabu kama abiria mmoja, nasi tukalipa nauli yake.

Majina kwanza

Kabla ya kutupa kisahani hata kimoja, wanafunzi walikuwa wamefanya kazi ambayo mwalimu wa lugha hawezi kuipita kimya. Walikaa kikao cha saa mbili kuyapa mambo majina.

Neno kisahani lilipata upinzani, kwani katika riadha linatumika tayari kwa kile chombo kizito ambacho wanariadha hukirusha uwanjani. Mmoja alipendekeza ungo. Pendekezo hilo lilizua kicheko, maana kila mtu katika Afrika Mashariki anajua ni nani husafiri kwa ungo usiku wa manane. Hatimaye kisahani kilishinda kwa hoja kwamba muktadha hutofautisha, kama unavyotofautisha kaa la moto na kaa wa baharini.

Shimo halikuishi muda mrefu. Katika gofu ya kawaida neno hilo lina haki yake, kwa kuwa shimo lipo na mpira huingia humo. Hapa shimo liko wapi? Walichagua kituo, kwa mfano wa teksi inayotoka kituo hadi kituo. Mahali pa kutupia mtupo wa kwanza pakaitwa kianzio. Mtupo wa karibu na shabaha ukaitwa mtupo wa kumalizia. Idadi ya mitupo inayotarajiwa kwa kila kituo ikaitwa kiwango, na viwango vyote tisa viliwekwa kuwa mitupo 3, jumla 27.

Lilibaki onyo la kumtahadharisha aliye mbele. Hapo wanafunzi hawakuunda neno lolote. Walichukua "Fasi!", ukelele wa wachukuzi wanaopita na mizigo katika masoko ya Kampala. Hilo ni neno la Kiswahili, ndugu ya nafasi, ambalo Waganda wengi hulitumia kila siku bila kujua kwamba wanasema Kiswahili. Siku nzima tulisikia "Fasi! Fasi!" ikivuma katikati ya miti, na wageni waliokuwa wakipita walisogea mara moja bila kuhitaji tafsiri.

Tunalisisitiza hili kwa sababu ya hali ya lugha yetu hapa nchini. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yaliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini wa mwaka 2020 uliliweka somo la Kiswahili miongoni mwa masomo ya lazima katika vidato vya kwanza na vya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliridhia Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na kuagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Maagizo yapo. Kinachopungua ni mahali ambapo kijana wa Uganda anakihitaji Kiswahili ili afanye jambo analolipenda. Wengi wao wamekirithi kama lugha ya askari na ya kambini, kisha wakakipokea darasani kama orodha ya ngeli. Katika mchezo ambao majina yake ya Kiingereza hawajayazoea, Kiswahili kilifika kwanza.

Vituo vyenyewe

Sasa tuje kwenye uwanja. Bustani ya Mimea ya Entebbe ilianzishwa mwaka 1898 na ina ukubwa wa takriban hekta 40. Watawala wa kikoloni waliitumia kujaribia mimea waliyotaka ilete faida, kama vile mpira, kakao na kahawa. Ardhi yake huteremka taratibu, nyasi kwa nyasi, hadi ufukweni mwa ziwa ambalo Waganda huliita Nalubaale. Kuna sehemu za uwanda wazi, kuna miti mikubwa iliyosimama mbalimbali, na kuna kipande cha msitu mnene chenye mbega na tumbili. Kwa mpangaji wa uwanja, mahali kama hapa ni zawadi na pia ni mtihani.

Kituo cha 1 na cha 2 viko juu, penye uwanda. Ni vifupi, mita 45 na 50, na havina kizuizi. Mchezaji mgeni hupata pale moyo wa kuendelea. Tunaviafiki, ijapokuwa vinafanana mno na kimoja kingetosha.

Kituo cha 3 ndicho bora kuliko vyote. Mchezaji husimama mteremkoni na kulitazama ziwa. Shabaha, ambayo ni kikapu cha fundi wa Katwe, iko mita 85 chini, na nyuma yake kuna hatua kama 15 tu kabla ya maji. Asubuhi, ziwa likiwa limetulia, kituo hiki kilikuwa rahisi na wengi walimaliza kwa mitupo 3. Alasiri hadithi iligeuka. Jua linapopasha nchi kavu joto, upepo huvuma kutoka ziwani kuja bara, na kisahani kinachokutana na upepo wa mbele huinuka na kupoteza mwelekeo. Waliotupa kwa nguvu waliona visahani vyao vikipanda juu kama kunguru, kisha vikirudi nyuma au kupepesuka kulia. Waliotupa kwa upole, chini chini, mitupo miwili mifupi, walifika salama. Hivyo kituo kimoja kilituuliza maswali mawili tofauti katika siku moja, na jibu la asubuhi lilikuwa kosa alasiri. Huo ndio ustadi wa kupanga uwanja: mchezaji analazimika kupasoma mahali alipo kabla ya kuamua.

Kituo cha 4 kinapaswa kufutwa. Mtupo wa kwanza unakatiza njia ambayo wageni hupita kwenda ufukweni, nayo imefichwa na kichaka, hivyo anayetupa hawaoni wanaokuja. Sheria ya kwanza ya mchezo huu popote unapochezwa ni kwamba hutupi iwapo kisahani chako kinaweza kumfikia mtu. Kelele za "Fasi!" hazifidii upangaji mbaya. Tulisubiri dakika nyingi familia zipite, na tulifanya vyema kusubiri.

Kituo cha 5 kimo ndani ya msitu. Kuna uchochoro mmoja baina ya mashina mawili, upana wake kama mlango wa nyumba, kisha shabaha. Uzuri wake uko masikioni zaidi: kisahani hugonga shina, mbega wanaruka, hondohondo wanapiga kelele, na kundi zima la wachezaji hucheka. Hata hivyo, tulipolikaribia shina la kwanza baada ya mzunguko wa pili tuliona gome limechubuka mahali pengi. Tutalirudia jambo hili hapa chini.

Kituo cha 6 na cha 7 hufuata ukingo wa ziwa, maji yakiwa kushoto. Hapa wapangaji wameonea upande mmoja. Mtu anayetupa kwa mkono wa kulia, kwa namna ya kawaida ya kuuvuta mkono kutoka kifuani, kisahani chake huelekea kushoto kinapoishiwa na mwendo. Wa mkono wa kushoto chake huelekea kulia. Maana yake ni kwamba wachezaji wengi wanasukumwa majini katika vituo vyote viwili, na wa mashoto wawili tuliokuwa nao walipita wakitabasamu. Kituo kimoja cha namna hiyo ni changamoto. Viwili mfululizo ni upendeleo. Kituo cha 7 kingegeuzwa, kianzio kiwe shabaha na shabaha iwe kianzio, maji yangekuwa kulia na haki ingepatikana bila kusogeza chochote.

Maji yenyewe si ya kuchezea. Kisahani kinachotua ziwani kimetoka nje ya mipaka: mchezaji huongezewa mtupo mmoja wa adhabu na kutupa tena karibu na pale kilipovukia ukingo. Hiyo ni adhabu ya mchezo. Adhabu nyingine ni kichocho, kwa kuwa konokono wanaobeba vimelea vyake huishi katika maji ya kina kifupi ya Ziwa Viktoria. Wanafunzi walikatazwa kuingia hata hadi vifundoni, nao walitii. Visahani vitatu vilizama.

Kituo cha 8 ni kifupi na kimefichwa nyuma ya mianzi. Aliyefaulu hakujua kwa nini amefaulu, na aliyeshindwa hakujifunza lolote. Mti wa shabaha ungesogezwa mita 10 tu kuelekea uwandani, kituo kingepona.

Kituo cha 9 hupanda mlima kurudi tulikoanzia, mita 90, na kikapu cha pili kikisubiri juu. Ni kigumu na ni cha haki. Alasiri upepo ulikuwa nyuma yetu, na wengi walidhani utawasaidia. Lakini upepo wa nyuma hukikandamiza kisahani chini kabla ya wakati wake. Kundi letu la watu wanne lilikuwa na alama bora ya 31 asubuhi, na bora ya 38 alasiri. Tofauti hiyo ya mitupo 7 ni kazi ya ziwa, na ndiyo inayouthibitisha uwanja huu kuwa wa kando ya ziwa kweli, wala si uwanja wa mahali popote uliopambwa kwa mandhari.

Mvuvi na neno lake

Kisahani cha nne kilichoanguka majini hakikuzama papo hapo. Kilielea kichwa chini, na mvuvi aliyekuwa akipita na mtumbwi alikiokota kwa kasia. Msichana mmoja wa kwetu alimpigia kelele kwa Kiswahili cha darasani.

"Shikamoo mzee! Tafadhali utuletee kisahani chetu hapo ufukweni!"

"Marahaba, mwanangu. Sasa mbona hapa si mwalo? Nitatia nanga wapi?"

Alikirusha kutoka mtumbwini, vibaya, na kikatua miguuni mwa yule msichana. Wanafunzi walibaki wakijadili lile neno. Mwalo ni mahali mitumbwi inapotia nanga na samaki kupimwa na kuuzwa. Wavuvi wa Mwanza na Bukoba hulitumia, na wanafunzi wetu Waganda wanalijua kama omwalo. Kadhalika nyanja ya Kiswahili na nnyanja ya Kiluganda ni ndugu wa tumbo moja. Katika ziwa hili la kilomita za mraba 68,800, linalogawanywa baina ya Uganda, Tanzania na Kenya, Kiswahili kinafanya kazi kila siku bila mtaala. Mwanafunzi aliyetoka darasani akidhani kwamba Kiswahili ni cha pwani ya Bahari ya Hindi peke yake, alikikuta hapo kikielea kwenye mtumbwi, dakika 90 kutoka bwenini kwake.

Ardhi iliyoazimwa

Sasa turudi kwenye gome lililochubuka, kwani ombi la wanafunzi linasimama au kuanguka hapo.

Jirani na bustani kuna uwanja wa gofu wa Entebbe, wenye mashimo 18, ulioanzishwa mwanzoni mwa karne ya 20, wakati Entebbe ilipokuwa makao ya utawala wa kikoloni. Hutajwa kuwa wa zamani kuliko vyote katika Afrika Mashariki. Ni mzuri, na ukiutazama kutoka juu kuelekea ziwani huwezi kuulaumu. Hata hivyo, uwanja wa gofu wa mashimo 18 kwa kawaida huhitaji hekta 50 au zaidi, yaani zaidi ya bustani nzima ya mimea, na ardhi hiyo hukatwa nyasi, hutiwa maji na hulindwa kwa ajili ya mchezo mmoja. Gofu ya aina hiyo huichukua ardhi. Gofu ya visahani huiazima. Tulipoondoa tepe saba na vikapu viwili jioni, mtu aliyekuja nyuma yetu asingejua kwamba palikuwa na uwanja. Hiyo ndiyo sifa kuu ya kile walichokipanga wanafunzi, nayo inafunika kasoro za kituo cha 4 na cha 8.

Lakini mwenye kuazima ana wajibu wa kurudisha kitu kama alivyokikuta. Wachezaji 15 kwa mizunguko miwili wameacha alama kwenye shina moja. Wachezaji hao hao wakija kila Jumamosi kwa mwaka mzima, nyasi zilizo mbele ya kila shabaha zitakufa kwa kukanyagwa, na mti uliovumilia miaka 100 utaanza kuvuja utomvu. Bustani hii ni hazina ya mimea kwanza, na kila mchezo unaoingia humo unaingia kama mgeni. Uwanja wa kudumu ungeligeuza azimo kuwa umiliki.

Lipo pia suala la ufukwe. Ibara ya 237 ya Katiba ya mwaka 1995 inasema kwamba maziwa ya asili, mito na ardhi oevu hushikiliwa na serikali kwa amana, kwa manufaa ya wananchi wote. Kanuni za mwaka 2000 za usimamizi wa ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa ziliweka ukanda wa hifadhi wa mita 200 kando ya maziwa makubwa kama hili. Pamoja na hayo, mtu anayetembea kutoka Kampala kwenda Entebbe akitafuta mahali pa kuyagusa macho yake kwa maji atakutana na kuta nyingi, mageti mengi na mabango ya viwanja vinavyouzwa. Ziwa lenyewe lilitoa ukumbusho wake. Mei 2020 kina kilichopimwa Jinja kilifikia mita 13.42, kikiipita rekodi ya mita 13.41 ya mwaka 1964, na maji yaliingia katika majumba, mahoteli na mialo iliyokuwa imejisogeza mno. Mwaka 2024 yalipanda tena. Kikapu kilichozungushiwa saruji mita 15 kutoka majini kinamngoja mwenye ziwa aje kukidai.

Isitoshe, uwanja wa kudumu ukishakuwepo huwa na mlinzi, mlinzi huwa na orodha, na orodha huwa na wasiokuwemo. Siku ile, watoto wa familia zilizokuja kupumzika waliomba kutupa, nao walitupa. Dereva mmoja aliyewaleta watalii alicheza kituo cha 9 akiwa amevaa viatu vya ngozi, akamaliza kwa mitupo 4, akaondoka bila kutuambia jina lake. Hakuna aliyemwuliza kama ni mwanachama.

Hitimisho na mapendekezo

Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Kwa hiyo tunapendekeza hivi.

Idara ilikubali ombi la kwanza la wanafunzi na kuifanya gofu ya visahani kuwa shughuli ya chama cha Kiswahili. Mchezo ni wa gharama ndogo, unawashirikisha wanawake na wanaume kwa usawa, na umewafanya vijana kuunda, kujadili na kutumia istilahi kwa saa nyingi bila alama yoyote ya mtihani. Orodha ya istilahi zao ichapishwe katika toleo lijalo ili wasomaji wa vyuo vingine waijadili.

Idara isiliunge mkono ombi la uwanja wa kudumu ufukweni. Vikapu vya kudumu visimikwe kwetu kilimani, ambako nyasi zipo, miteremko ipo, na wanafunzi wanaweza kucheza kila jioni bila nauli. Entebbe pabaki pa safari ya mara moja kwa muhula, kwa ruhusa, kwa vikapu vya kubebeka pekee. Mti wowote usitumiwe tena kama shabaha, na njia ya kupitia msituni ya kituo cha 5 ibadilishwe kila safari ili shina moja lisibebe mzigo wa wote.

Kabla ya safari ijayo, kituo cha 4 kifutwe, cha 7 kigeuzwe na cha 8 kisogezwe. Kituo cha 3 kisiguswe na mtu. Wanafunzi walioupanga wana jicho, na tungependa kuona watakachokifanya na kilima chetu, ambacho hakina ziwa la kuwasaidia. Fundi wa Katwe amekwisha kuulizwa bei ya vikapu saba zaidi, na jibu lake liko mezani pa mwenyekiti wa chama. Wenye rimu kuukuu za baiskeli nyumbani wanaombwa wazilete idarani kabla ya mwisho wa muhula.